Trela la Kupigia Kambi: Fundi wa Malindi, Karakana ya Mombasa, au Lililokwisha Kutengenezwa?

Mkazi wa Malindi anayependa kulala nje ya mji ana sababu njema ya kutaka trela lake la kupigia kambi. Korongo la Marafa si mbali, fukwe za Mambrui na Ngomeni ziko karibu zaidi, na lango la Sala la Hifadhi ya Tsavo Mashariki liko yapata kilomita 110 upande wa magharibi, ambapo mwenye kuingia asubuhi huweza kuufuata mto Galana hadi maporomoko ya Lugard, kisha akaendelea taratibu mpaka kambi ya Ndololo karibu na Voi. Familia inayosafiri namna hiyo huhitaji maji, jiko, hema, magodoro na chakula cha siku kadhaa, na gari peke yake halitoshi. Kugumu ni kuamua kazi ya trela apewe nani.

Nimelinganisha hapa njia zilizo wazi kwa mtu wa Malindi: fundi wa kuchomelea wa mjini, karakana ya matrela ya Mombasa, trela lililokwisha kutengenezwa, na mpango wa kuigawa kazi baina ya mafundi wawili. Bei sikuitanguliza, kwa sababu bei ya chuma hupanda na kushuka na kila fundi ana hesabu yake. Ninachokitazama zaidi ni mambo mawili, yaani kama mteja ataiona kazi kabla haijafunikwa kwa rangi na mbao, na kama kuna mtu atakayekubali kuwa kazi ni yake siku itakapoharibika njiani. Malalamiko ninayoyasikia kwa watu waliotengenezewa matrela, karibu yote huanzia kwenye mojawapo ya mambo hayo, na ni machache mno yanayotokana na fundi kutojua kuchomelea.

Fundi wa mjini

Ubora wa fundi wa Malindi ni kwamba yuko karibu. Mteja anaweza kupita jioni akitoka kazini, akaiona fremu ikiwa bado tupu, akauliza, na akabadilisha kimo cha meza ya jikoni kabla chuma hakijakatwa. Ujira wake ni nafuu, na baadaye bawaba ikivunjika yupo. Kwa mtu anayejua anachokitaka na mwenye muda wa kusimamia, faida hii haipatikani kwingine.

Hata hivyo, kazi ya kila siku ya fundi huyu ni mageti, madirisha na vitanda vya chuma, vitu ambavyo vikishawekwa mahali pake havitikisiki tena. Trela hutikiswa kila mita ya safari. Njia za changarawe ndani ya Tsavo zina mikunjo midogo ya mfululizo inayozigonga springi bila kupumzika, na nguvu ya mapigo hayo yote huishia pale kishikio cha springi kilipochomelewa kwenye fremu. Nimelitazama kwa karibu trela moja lililokuwa limeegeshwa juu ya magogo nyuma ya gereji hapa mjini. Kishikio kilichomelewa moja kwa moja chini ya bomba la pembe nne lenye ukuta mwembamba, bila bamba la kuusambaza uzito, na ukuta wa bomba ulikuwa umechanika pembezoni mwa mshono, ilhali mshono wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Aliyechomelea alikuwa hodari. Kilichokosekana ni bamba la milimita 5 au 6, na bomba lenye unene wa kustahimili.

Unene huo ndio chanzo cha ugomvi mwingi. Bomba la milimita 75 kwa 50 lenye ukuta wa milimita 3 na lile lenye ukuta wa milimita 2 hufanana kwa nje, na yakishachomelewa na kupakwa rangi hakuna jicho litakaloyatofautisha. Mizani hutofautisha, kwa kuwa kipande cha mita 6, ambacho ndicho kipimo cha kawaida dukani, huwa na kilo 33 hivi kikiwa cha milimita 3 na kilo 23 hivi kikiwa cha milimita 2. Sisemi kwamba mafundi hudanganya. Mara nyingi makubaliano yalitaja "bomba la inchi tatu kwa mbili" na unene haukutajwa, na fundi aliyebanwa na bei aliyoikubali akanunua bomba linaloenea katika bei hiyo. Kwa hiyo, kwa fundi wa mjini, naona ni bora mteja apewe orodha ya vifaa, aende mwenyewe hadiwea, avilipie na kuvipima, kisha amlipe fundi ujira tu. Mpango huu huondoa pia ile hali ambapo arbuni ya trela lako hununulia chuma cha geti la mteja aliyekutangulia, nawe ukabaki kumngoja mteja mpya alete arbuni ndipo kazi yako iendelee.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka ekseli. Fundi asiyezoea matrela huiweka katikati kabisa kwa sababu ndivyo linavyokaa sawa likiwa tupu. Trela lenye ekseli moja linapaswa kuegemea mbele kidogo, kiasi kwamba sehemu ya kumi hivi ya uzito wake wote ikae juu ya kiungo cha gari. Likiwa jepesi mbele, huanza kuyumba mkia kadiri mwendo unavyoongezeka, na dereva akishtuka na kukanyaga breki, mambo huharibika zaidi. Na uzito huo hupimwa trela likiwa limepakiwa. Tangi la maji la lita 80 lina kilo 80, na betri ya risasi ya saa-ampea 100 ina kilo kama 30, hivyo tangi likiwekwa nyuma ya ekseli na betri pia ikawekwa nyuma, hesabu yote ya fundi hupinduka. Vitu hivi viwili viamuliwe mahali pake kwenye mchoro kabla ekseli haijafungwa.

Kuna pia mambo madogo ambayo fundi wa mageti hana sababu ya kuyajua. Waya wa kurudisha umeme wa taa mara nyingi hauwekwi, ikitegemewa kwamba umeme utarudi kupitia chuma cha kiungo, na matokeo yake ni taa zinazofifia kila trela linaporuka na kuzima kabisa kutu inapoingia. Tufe la kuvutia, yaani mpira wa chuma nyuma ya gari ambao kikombe cha trela hukaa juu yake, likiwa la milimita 50 na likiwa la inchi 2, ambalo lina milimita 50.8, huonekana kitu kimoja, lakini kikombe kilichotengenezewa la kwanza hakikai sawasawa juu ya la pili. Ekseli ikiwa imetolewa kwenye pikapu kuukuu, namba za beringi ziandikwe, la sivyo siku itakapolia karibu na Sala hakuna atakayejua anunue ipi. Magurudumu nayo yalingane na ya gari linalovuta. Mwenye Hilux, kwa mfano, atake bolti sita zilizopangwa kwenye mduara wenye kipenyo cha milimita 139.7, ili tairi moja la akiba lihudumie pande zote mbili.

Breki sharti zisemwe waziwazi. Matrela mengi ya mafundi wa mjini hayana breki, na kwa trela jepesi hilo huvumilika. Ulaya, trela ambalo uzito wake pamoja na mizigo unazidi kilo 750 halina budi kuwa na breki zake, na mimi nakichukua kiwango hicho kuwa mpaka wa busara hata hapa. Trela la kambi lenye jikoni, maji na hema hukifikia kiwango hicho kwa urahisi sana.

Kuhusu muda, msimu una uzito kuliko ahadi. Mvua za masika zinapopunguza wageni, hoteli nyingi za pwani hufanya ukarabati na kuwachukua mafundi, na unyevu wa miezi hiyo haufai kupakia rangi. Karibu na Desemba wenye nyumba za kupangisha hutaka kila kitu kimalizike kabla ya wageni kufika. Wakati mzuri wa kupeleka kazi ni Januari, kaskazi ikiwa inavuma na hewa ikiwa kavu, kwa matumaini ya kulichukua trela kabla ya Aprili.

Karakana ya Mombasa

Karakana inayotengeneza matrela ya malori ina vitu ambavyo fundi wa mjini hana: kitanda cha kunyooshea fremu, ekseli mpya zenye uzito ulioandikwa, mtu wa kufunga breki, na zaidi ya yote, karatasi. Nchini Kenya trela husajiliwa na NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama, kama chombo kinachojitegemea, na nambari zake huanza na herufi Z. Mwenye kutengenezewa na fundi asiye na kampuni, asiyetoa ankara wala namba ya fremu, hujikuta na chombo kizuri ambacho hawezi kukisajili kwa urahisi, na kila kizuizi cha polisi kati ya Malindi na Mtwapa kinakuwa mashaka. Bima nayo hufuata karatasi. Ningemshauri mtu aende NTSA aulize kinachohitajika kabla ya kipande cha kwanza cha chuma kukatwa, hata kama ameshaamua kumpa kazi fundi wa mjini.

Faida nyingine ni kinga ya kutu. Upepo wa bahari Malindi hula chuma kila mwezi wa mwaka, na rangi ya kawaida huanza kuvimba kwenye mishono. Karakana kubwa huweza kuipeleka fremu nzima ikachovywe katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, kazi ambayo hulinda hata ndani ya mabomba. Lakini jambo hili liamuliwe mapema, maana mabomba hutakiwa kutobolewa matundu ya kupitishia hewa na zinki. Bomba lililozibwa kabisa linaweza kulipuka ndani ya beseni. Na fremu ikishachovywa isichomelewe tena, kwa kuwa moto huiunguza zinki na moshi wake hudhuru mapafu ya fundi. Kila kishikio cha tangi, cha betri na cha hema kiwe tayari kabla. Hapa hapamfai mteja mwenye kubadilisha mawazo kila wiki.

Upungufu wa karakana ni mwingine kabisa. Mombasa iko kilomita 120 hivi kutoka Malindi, na mteja hawezi kwenda kila jioni. Trela lake dogo huwekwa nyuma ya foleni ya matrela ya kontena yanayolipiwa fedha nyingi zaidi. Anayepokea malipo ofisini siye anayechomelea uwanjani, na maelezo yaliyotolewa kwa mdomo hupotea kati ya wawili hao. Tatizo linalonisumbua zaidi ni uzito: watu waliozoea malori hutumia chuma cha malori, na trela lililoahidiwa kuwa na kilo 400 likiwa tupu hutoka na 600. Mwenye Land Cruiser hatajali. Mwenye gari dogo atakuwa amenunua kitu asichoweza kukivuta kwa usalama. Uzito wa juu wa trela likiwa tupu uandikwe kwenye mkataba, na trela lipitishwe kwenye mizani ya malori siku ya kulichukua.

Na jikoni? Karakana hizi hazijui jikoni. Droo zake hutengenezwa kama masanduku ya zana, nzito na zisizo na komeo la kuzizuia zisifunguke njiani.

Lililokwisha kutengenezwa

Sehemu hii ni fupi kwa sababu uamuzi wake ni rahisi. Matrela ya kambi yanayotoka Afrika Kusini yalibuniwa kwa barabara za changarawe, na anayepata moja lenye karatasi safi na fremu isiyo na kutu amejiokoa na karibu kila tatizo nililolitaja, ila la bei na la vipuri. Karavani za Ulaya, ambazo huweza kuuzwa na wageni wanaorudi kwao, ni jambo tofauti. Ziko chini mno kwa njia zetu, kuta zake ni nyepesi, na zile za nchi zinazoendesha upande wa kulia huwa na mlango upande wa kulia, yaani hapa kwetu mtoto akishuka hushukia upande wa magari yanayopita. Kwa mtu anayetaka kuiegesha mahali pamoja ufukweni haina ubaya. Kwa Tsavo, hapana.

Kuigawa kazi

Njia ninayoipendelea ni fremu, ekseli na breki kutoka karakana yenye karatasi, na sanduku, jikoni na vitanda kutoka kwa seremala wa huku kwetu. Pwani hii ina maseremala ambao mbao na maji ndiyo maisha yao. Matondoni kisiwani Lamu bado panajulikana kwa kuunda majahazi, na mafundi wa vyombo wako pia kwenye vijiji vya wavuvi kaskazini mwa Malindi. Fundi wa namna hii hahitaji kuelezwa kwa nini msumari wa kawaida haufai karibu na bahari, wala kwa nini kingo za mbao tabaka lazima zizibwe kabla maji hayajaingia katikati ya matabaka.

Lazima aelezwe, hata hivyo, kuhusu uzito na mtikisiko. Chombo cha baharini huundwa kwa mbao nzito kwa sababu maji hukibeba, na fundi atashawishika kutumia mbambakofi pale ambapo mbao tabaka ya milimita 12 yenye fremu nyepesi ingetosha. Bahari pia hukipinda chombo polepole, ilhali barabara hukitikisa kwa kasi, na kiungo kilichotegemea msumari pekee hulegea. Skrubu za chuma kisichoshika kutu pamoja na gundi isiyopitisha maji zitajwe kwenye makubaliano.

Udhaifu wa mpango huu ni lawama. Sanduku likianza kupasuka pembeni, seremala atasema fremu inapinda, na karakana itasema sanduku lilifungwa vibaya, na wote wawili wanaweza kuwa na hoja. Tiba yake ni karatasi moja yenye mchoro unaoonyesha kila bolti inayounganisha sanduku na fremu, kipenyo chake na umbali kati ya moja na nyingine, pamoja na uzito usiozidi ambao seremala anaruhusiwa kuutumia. Kila fundi aiweke saini kabla ya kuanza. Karakana itoboe matundu hayo kabla ya zinki, na seremala alete sanduku linaloingia kwenye matundu hayo hayo. Anayekwenda kinyume cha mchoro anajulikana.

Malipo, kwa kila njia

Kwa fundi wa mjini nimeshasema: nunua vifaa, lipa ujira kwa hatua. Hatua ya kwanza iwe fremu iliyosimama juu ya magurudumu bila rangi, na usilipe sehemu inayofuata kabla hujaiona na kuipiga picha. Kwa karakana, arbuni haikwepeki, lakini theluthi moja yatosha kuanzia, na iambatane na ankara yenye namba ya fremu mara inapogongwa. Malipo yaende kwenye akaunti au namba ya biashara, si kwenye simu ya mtu binafsi, kwa sababu ujumbe wa M-Pesa wenye jina la kampuni ni ushahidi, na wenye jina la binamu wa msimamizi ni ubishi.

Mkataba hauhitaji wakili. Ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha wenye vipimo, unene, uzito, tarehe, na kinachotokea tarehe hiyo ikipita, unatosha kwa kazi ya kiasi hiki. Mambo yakiharibika kabisa, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Kiwango hicho kinayatosha madai mengi ya trela la kambi, na ukurasa ule mmoja pamoja na picha za fremu tupu ndivyo vitakavyosomwa na hakimu. Mwenye maneno ya mdomo tu hana cha kumwonyesha.

Kwa nani ningependekeza nini? Aliye na muda, anayejua kusoma mchoro, na anayetaka trela jepesi lisilo na breki la kubebea hema na jiko hadi Marafa na Mambrui, ampe fundi wa mjini bila wasiwasi, baada ya kuuliza habari za usajili. Anayetaka kuvuka Tsavo na watoto, mwenye mizigo inayozidi kilo 750, agawe kazi kama nilivyoeleza. Asiye na muda wa kumfuatilia yeyote na mwenye fedha mkononi atafute lililokwisha kutengenezwa, na alikague kwa kulala chini yake akiwa na tochi, kwanza kwenye vishikio vya springi.

Vyovyote atakavyochagua, sehemu ya kumi ya fedha ibaki mkononi mwake siku ya kulichukua trela, kwa makubaliano yaliyoandikwa tangu mwanzo. Alipakie kwa ukamilifu, maji yakiwa tangini, alivute hadi Marafa na kurudi. Njiani asimame baada ya kilomita 50 hivi, akaze tena nati za magurudumu, na aguse kila kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono. Kikiwa na joto kuliko mwenzake, beringi imekazwa kupita kiasi au grisi haikutosha. Akirudi atazame chini kwa tochi, afungue kila droo, awashe taa zote huku mwenzake akilitikisa trela. Kasoro zikiwapo, trela lirudi kwa aliyelitengeneza pamoja na orodha, na zikisharekebishwa ndipo fedha iliyobaki ilipwe.